Jinsi ya kupima athari za kiwanda cha tungamotaka kwa mazingira, kuanzia shambani mpaka kwenye jivu

Kiwanda kikishaanza kuchoma tungamotaka, yaani malighafi za mimea kama maranda, pumba au makapi ya miwa, badala ya makaa ya mawe, watu wanakiita kisafi hapohapo na mjadala umeisha. Mi sikubaliani na hiyo. Usafi wa tungamotaka unatoka kwenye hesabu, na hesabu hiyo inaweza kukupa viwanda viwili vinavyotumia malighafi ileile kabisa, kimoja kizuri sana na kingine kinazidiwa hata na gesi ya asili. Hapa naelekeza namna ya kuipiga hesabu yenyewe, ile inayoitwa tathmini ya mzunguko wa maisha, yaani unaifuata bidhaa toka malighafi inapopatikana, inavyosafirishwa, inavyochakatwa, inavyotumika, mpaka kilichobaki kinapotupwa au kurudishwa shambani, na kila hatua unaandika kimeingia nini na kimetoka nini.

Angalizo moja kabla hatujaenda mbali: usiichanganye na ile tathmini ya athari kwa mazingira inayodaiwa wakati wa kuomba kibali. Ile inaangalia eneo, nani anaishi jirani, mto uko wapi, kelele zinafika wapi. Hii ya mzunguko wa maisha inaangalia bidhaa na mnyororo wake wote, kwa hiyo inawezekana kabisa kiwanda kikapata alama nzuri kwenye hii huku majirani wanakohoa vumbi kila jioni. Unahitaji zote mbili, moja haifuti nyingine.

Msingi wa kazi ni viwango viwili vya shirika la kimataifa la viwango, ISO 14040 na ISO 14044, vyote toleo la 2006, na vinagawa kazi kwenye awamu 4: lengo na mipaka, orodha ya vinavyoingia na kutoka, tathmini ya athari, na ufafanuzi wa matokeo. Kwenye karatasi zinakwenda kwa mstari, ila kwenye kazi halisi utarudi nyuma mara kibao, unafika awamu ya tatu unagundua mipaka uliyochora mwanzo haikutoshi, unarudi. Ni kawaida, hata viwango vyenyewe vinataka ufanye hivyo.

Anza na swali, data zije baadaye

Wengi wanaanza kwa kukusanya namba. Matokeo yake faili la ekseli linajaa halafu hakuna anayejua linajibu nini. Andika kwanza sentensi moja: nani anauliza, na akipata jibu atalifanyia nini. Bosi anayetaka kujua akate gharama na moshi sehemu gani ya kiwanda anahitaji hesabu tofauti na mwekezaji anayechagua kati ya peleti (vijiti vya maranda yaliyokandamizwa) na bayogesi (gesi ya taka zinazooza bila hewa), na huyo naye ni tofauti na mtunga sera anayeuliza nchi itafaidika nini viwanda kama hivi vikiongezeka.

Huyo wa mwisho swali lake ni gumu kuliko linavyoonekana, maana haulizi kiwanda kina mzigo gani leo, anauliza dunia itabadilika vipi kikijengwa. Chukulia maranda ambayo tayari yananunuliwa na mtengenezaji wa mbao za kubandika. Ukiyachukua wewe ukayafanya peleti, yule hatafunga kiwanda, atatafuta mbao kwingine, labda atakata miti zaidi. Kwenye hesabu ya aina ya kwanza huo mkato hauonekani, kwenye hesabu ya aina ya pili ndo kila kitu. Amua mapema unapiga ipi na usichanganye katikati, maana ukichanganya unapata namba isiyojibu swali la mtu yeyote.

Halafu chagua kipimo cha kulinganishia. Tani 1 ya peleti haifai kulinganishwa na tani 1 ya makaa ya mawe kwa sababu hazina nishati sawa, peleti zina kama megajuli 16 hadi 17 kwa kilo na makaa mazuri ya mawe yanafika 25 na zaidi. Kama kazi ya bidhaa ni kutoa joto, kipimo kiwe megajuli 1 ya joto lililomfikia mtumiaji, kwa hiyo hata ubovu wa jiko au boila unaingia kwenye hesabu. Kama ni umeme, kilowati-saa 1 iliyoingia kwenye gridi. Kama lengo lako ni kujua tani ya taka ya shambani itumike vipi kwa faida zaidi, hapo kipimo kiwe tani ya malighafi kavu. Narudia, kavu.

Mipaka, na lile swali ambalo watu wanalikwepa

Chukua karatasi kubwa uchore masanduku: shamba au msitu, ukusanyaji, usafiri, kuhifadhi, kukausha, kusaga, kuchakata, usambazaji, matumizi, jivu au tope. Kila sanduku liwe na mshale wa kuingia na wa kutoka. Vyuma na saruji vya kiwanda chenyewe navyo vina nafasi yake, unagawa kwa miaka ambayo kiwanda kitafanya kazi, na mara nyingi unakuta ni sehemu ndogo tu, kwa hiyo usimalize mwezi unahesabu bolti.

Mahali ambapo panataka akili zaidi ni kwenye swali la hii taka ingefanywa nini kama kiwanda kisingekuwepo. Majani ya mazao yaliyokuwa yanachomwa shambani, ukiyachukua unazuia ule moshi. Yaliyokuwa yanalimiwa ardhini, ukiyachukua unaunyima udongo kaboni na virutubisho, na mkulima atalazimika kununua mbolea kuziba pengo, na hiyo mbolea ni mzigo wako. Kuna taka zilizorundikwa kwenye lundo refu lenye maji, hizo zinaoza bila hewa na kutoa methani, kwa hiyo ukiziondoa umeokoa kitu kikubwa, na majitaka ya viwanda vya mawese yanayokaa kwenye mabwawa wazi ni mfano mzuri wa hiyo. Malighafi moja, majibu matatu. Ukisoma ripoti ambayo haijasema kabisa taka ingeishia wapi, we iweke pembeni kwanza.

Na kama malighafi ni zao lililopandwa makusudi kwa ajili ya kiwanda, basi kuna ardhi. Palikuwa na nini kabla? Msitu ukifyekwa, kaboni iliyokuwa kwenye miti na udongo inatoka, na kanuni za Ulaya zinaigawa kwenye miaka 20. Mwaka 2008 jarida la Science lilitoa makala mbili zilizotikisa hii fani, zikionyesha kwamba kugeuza ardhi kwa ajili ya mazao ya nishati, iwe moja kwa moja au kwa kusukuma kilimo cha chakula kihamie kwingine, kunaweza kuzaa deni la kaboni linalochukua miongo hata karne kulipika. Tangu hapo huwezi kunyamaza kuhusu ardhi ukaeleweka.

Kukusanya data kiwandani

Hapa ndo kazi ya jasho. Vyanzo vyako vikubwa ni mizani ya malori getini, mita za umeme, risiti za dizeli, daftari la wapokeaji malighafi, na kumbukumbu za uzalishaji. Chukua miezi 12 kamili, usichukue mwezi mmoja mzuri ukauzidisha kwa 12, kwa sababu malighafi ya msimu wa mvua na ya kiangazi ni vitu viwili tofauti kabisa. Na usitegemee namba za brosha ya mtengenezaji wa mashine. Zile ni za mashine mpya inayozunguka kwa mzigo kamili, ya kwako inazimwa, inakwama, inasubiri malighafi, inawashwa tena.

Orodha fupi ya vitu ambavyo hutakiwi kutoka kiwandani bila kuwa navyo:

- uzito wa malighafi uliopokelewa, pamoja na unyevu wake
- umeme kwa kila sehemu kama kuna mita ndogondogo, kama hazipo basi jumla
- fueli ya kila aina, pamoja na ile ya foko (mashine ya kunyanyulia mizigo) na jenereta ambayo kila mtu anaisahau
- maji, kemikali, mafuta ya kulainisha
- bidhaa zilizotoka, zote, hata zile wanazoita takataka lakini kuna mtu anakuja kuzinunua
- jivu, tope, vumbi, majitaka, na zinaenda wapi

Unyevu nauongelea peke yake kwa sababu ndo unaoua tathmini nyingi. Kupima ni rahisi: chukua sampuli sehemu kadhaa za lundo, usikwangue juu tu ambapo jua limeshakausha, ziweke kwenye mfuko usiopitisha hewa, pima uzito, weka kwenye oveni nyuzi 105, toa upime, rudisha upime tena mpaka uzito ugome kushuka. Tofauti ya uzito ugawe kwa uzito wa mwanzo. Sasa mtego uko hapa: watu wa viwanda vya nishati wanagawa kwa uzito mbichi, watu wengi wa misitu na mbao wanagawa kwa uzito mkavu. Kuni ambayo nusu yake ni maji, kwa wale ni asilimia 50, kwa hawa ni asilimia 100. Mtu akikuambia unyevu ni 60, muulize 60 ya nini kabla hujaandika popote.

Ukishakusanya, fanya mizania. Maada kavu iliyoingia lazima ionekane imetoka, iwe peleti, vumbi, iliyochomwa kwenye draya (mashine ya kukaushia), au iliyooza stoo. Kaboni vilevile. Kuni kavu karibu nusu yake ni kaboni, na kilo 1 ya kaboni ikiungua inatoa kilo 3.67 za kaboni dioksaidi, kwa hiyo kilo 1 ya kuni kavu inatoa kama 1.8. Mizania ikikataa kwa kiasi kikubwa kuna mtu amekosea kuandika au kuna kitu kinavuja, na vyote vinafaa ujue. Chipsi mbichi zikirundikwa zinapata joto zenyewe na kuliwa na vijidudu, zinaweza kupoteza hata asilimia 2 au 3 ya maada kavu kwa mwezi, hiyo nayo iandike.

Mfano: tani 1 ya peleti

Tuseme kiwanda kinapokea maranda yenye unyevu wa asilimia 50 na kinatoa peleti zenye asilimia 10. Tani 1 ya peleti ina kilo 900 za maada kavu na 100 za maji. Kupata hizo 900 kavu unahitaji kilo 1,800 za maranda mabichi, na ndani yake kuna maji kilo 900, kwa hiyo draya inatakiwa ifukuze kilo 800 za maji. Kinadharia kilo 1 ya maji inataka kama megajuli 2.4 kugeuka mvuke, ila draya halisi inapoteza joto, tuweke 3.5. Hapo tayari ni megajuli 2,800, wakati tani nzima ya peleti ina kama megajuli 16,400. Yaani karibu sehemu moja ya sita ya nishati ya bidhaa imeliwa na kukausha tu, peleti hata haijatengenezwa.

Sasa nini kinachomwa kwenye draya? Kikiwa makaa ya mawe, yanayotoa kama kilo 95 za kaboni dioksaidi kwa gigajuli, umeongeza kilo 266 kwa kila tani ya peleti, ambayo ni gramu 16 hivi kwa megajuli. Ukichoma maranda yenyewe, kaboni ya fosili inakaribia sifuri kwenye hatua hiyo, lakini maranda mabichi yana megajuli 8 tu kwa kilo, kwa hiyo unahitaji kilo 350 zaidi, na hizo 350 zilikusanywa, zilisafirishwa, na zingeweza kufanya kitu kingine. Ziingize kwenye hesabu, usizichukulie kama zimeokotwa.

Halafu jaribu hivi: maranda yaachwe chini ya paa lenye upepo mpaka yafike asilimia 35. Malighafi inashuka hadi kilo 1,385, maji ya kufukuza yanashuka hadi 385, na joto la draya linakuwa megajuli 1,350 hivi, chini ya nusu. Hakuna mashine ya kisasa utakayoinunua ikakupa punguzo la namna hiyo kirahisi. Ni paa tu.

Umeme: kusaga na kukandamiza peleti kunataka kilowati-saa 100 mpaka 200 kwa tani, tuseme 150. Kwenye gridi ya makaa ya mawe, ambapo kila kilowati-saa inabeba kama kilo 1 ya kaboni dioksaidi, ni kilo 150 kwa tani. Kwenye gridi ya maji inaweza kuwa kilo chache tu. Kiwanda kilekile, mashine zilezile, mafundi walewale.

Na malori? Kilo 1,800 kwa kilomita 50 ni tani-kilomita 90, lori kubwa ukilikadiria gramu 100 kwa tani-kilomita unapata kilo 9. Hata ukiongeza safari ya kurudi tupu bado ni ndogo ukiweka pembeni ya draya. Lori kila mtu analiona linavyotoa moshi mweusi barabarani ndo maana linalaumiwa, draya imejificha nyuma ya ukuta. Usafiri unakuwa ishu pale malighafi ni nyepesi na imetawanyika sana, au imejaa maji, maana lori la tani 10 lenye mzigo wa unyevu wa asilimia 50 linabeba tani 5 za maji.

Bayogesi: fuatilia uvujaji kwanza

Kwenye mitambo ya bayogesi achana na mengine mpaka ujue methani inavuja kiasi gani. Kwa mujibu wa ripoti ya sita ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, kilo 1 ya methani yenye asili ya mimea ina nguvu ya kupasha joto mara 27 ya kaboni dioksaidi kwa kipindi cha miaka 100, na ile ya fosili 29.8. Kilo 1 ya methani ina megajuli 50. Uvujaji wa asilimia 3 maana yake kilo 0.03 zimetoroka, zidisha kwa 27 ni kilo 0.81 sawa na kaboni dioksaidi, gawa kwa megajuli 48.5 zilizobaki, unapata karibu gramu 17 kwa megajuli. Gesi ya asili ikiungua inatoa gramu 56, kwa hiyo karibu theluthi ya faida yako imeshaondoka na upepo. Ikivuja asilimia 10 unafika gramu 60, hapo ukilinganisha na moshi wa gesi ya asili wewe ndo mchafu.

Inavujia wapi? Kwenye mihuri ya kifuniko, vali za usalama zinazofunguka gesi ikizidi, injini isiyounguza yote, mtambo wa kusafisha gesi, na hasa kwenye bwawa la tope lililotoka kwenye tangi kabla halijamaliza kuchacha. Hilo bwawa likiwa wazi linaendelea kutoa gesi na hakuna mita inayoiona. Tafuta mtu mwenye kamera ya gesi au kipimo cha mkono apite sehemu zote. Na tope lenyewe ni mbolea nzuri, linapunguza mbolea ya dukani, hiyo sifa unaruhusiwa kuihesabu mradi kweli linaenda shambani na kweli mkulima amepunguza kununua.

Kaboni ya mimea usiifute

Kuna njia mbili zinazokubalika. Ya kwanza unaweka sifuri kwa kaboni dioksaidi iliyonyonywa na mmea na sifuri kwa inayotoka ikiungua. Ya pili unaandika kasoro moja ikinyonywa na jumlisha moja ikitoka. Mi napenda ya pili kwa sababu inaacha nyayo, ukiona jumla haijafika sifuri unajua kuna kaboni imebaki mahali, labda kwenye makaa yaliyozikwa udongoni, au umesahau kitu. ISO 14067, inayohusu alama ya kaboni ya bidhaa, nayo inataka kaboni ya mimea na ya fosili ziripotiwe kando kando.

Ila methani na nitrasi oksaidi haziwi sifuri hata siku moja, hata zikitoka kwenye mmea mtakatifu. Na muda una maana. Pumba ya mwaka huu ingeoza mwaka huu au ujao, lakini mti wa miaka 60 ukiuchoma leo hewa inasubiri miaka 60 kurudishiwa. Kama malighafi ni magogo, sema wazi unatumia kipindi gani cha muda.

Mbolea nayo inashangaza watu. Weka kilo 100 za naitrojeni shambani, kigezo cha msingi cha IPCC kinasema asilimia 1 ya hiyo naitrojeni inatoka kama nitrasi oksaidi, ukigeuza uzito unapata kilo 1.57 za gesi hiyo, zidisha kwa 273, ambayo ndo nguvu yake ya kupasha joto ukilinganisha na kaboni dioksaidi, ni kilo 429 sawa na kaboni dioksaidi. Hapo hujahesabu kuitengeneza mbolea yenyewe. Dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7 kwa lita, kwa hiyo gesi hiyo isiyoonekana ni sawa na kuchoma lita 160 za dizeli na hakuna aliyeona moshi.

Kugawa mzigo kati ya bidhaa

Gogo likiingia kwenye mashine ya mbao linatoka mbao na maranda. Tuseme nusu kwa nusu kwa uzito, na kilo ya mbao inauzwa mara 10 ya kilo ya maranda. Ukigawa mzigo wa msitu kwa uzito, maranda yanabeba asilimia 50. Ukigawa kwa bei yanabeba 9. Ukiyaita taka, yanabeba sifuri. Hapa ndo wajanja wanapochezea, kwa hiyo ukisoma kazi ya mwenzio anza na ukurasa huu.

ISO inasema kwanza jaribu kukwepa kugawa, kwa kutenganisha michakato au kwa kupanua mfumo uingize na kile bidhaa ya pili inachokiondoa sokoni. Ikishindikana gawa kwa uhusiano wa kimaumbile, kama nishati au uzito. Bei ni ya mwisho. Lakini kama ripoti inaenda kwa mamlaka, fuata kanuni zao bila ubishi: agizo la Umoja wa Ulaya la nishati jadidifu la 2018 linataka ugawe kwa nishati iliyomo, na mabaki yanahesabiwa sifuri mpaka pale yanapokusanywa. Hata hivyo fanya hesabu kwa njia nyingine pembeni uone jibu linayumba kiasi gani.

Softwea na data za nyuma

Huhitaji pesa nyingi kuanza. openLCA ni ya bure, Brightway ni ya bure kama unajua Python, na GREET ya maabara ya Argonne ya Marekani ni ya bure na imejaa njia za bayofueli. SimaPro ni ya kulipia. Kinachogharimu hasa ni hazina ya data, na ecoinvent ndo inayotumika zaidi. Ukiitumia kumbuka ina matoleo tofauti ya mfumo kwa jinsi yanavyogawa mzigo, chagua moja ubaki nalo, usichukue umeme kutoka hili na mbolea kutoka lile. Na usikubali umeme wa wastani wa dunia wakati unajua kiwanda kiko kwenye gridi ipi.

Athari zaidi ya joto la dunia

Ukiishia kwenye kaboni umefanya alama ya kaboni tu. Chagua mbinu ya tathmini mapema, ReCiPe 2016 ina aina 18 za athari, Ulaya wana yao, Marekani wana TRACI. Huna haja ya kuandika aya kwa kila moja, kwa tungamotaka zinazouma ni chache: vumbi laini la mwako, hasa boila ndogo isiyo na chujio zuri, virutubisho vinavyotiririka mtoni kutoka shambani na kwenye majitaka, asidi kutokana na oksidi za naitrojeni na amonia, maji ya umwagiliaji, na ardhi. Ethanoli ya miwa kwa mfano inaacha lita 10 hadi 15 za majitaka kwa kila lita 1 ya ethanoli, yakimwagwa kwa kiasi shambani ni mbolea ya potasiamu, yakimwagwa mtoni samaki wanakufa. Hapo utakutana na bidhaa iliyo bora kwa kaboni na mbaya kwa maji. Usizijumlishe kupata alama moja ili bosi afurahi, zionyeshe zote.

Kusoma majibu na kuyatikisa

Kwanza angalia nani anachangia nini. Kama asilimia 70 ya mzigo inatoka kwenye mambo mawili, rudi ukaboreshe data za hayo mawili na uache mengine. Halafu badilisha moja moja: unyevu upande na kushuka, uvujaji, aina ya umeme, njia ya kugawa, na taka ingeenda wapi. Kama hitimisho linageuka ukibadilisha dhana moja, andika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza, sio kwenye kiambatisho. Softwea nyingi zina Monte Carlo, yaani kurudia hesabu mara nyingi kwa namba zinazobadilishwa kwa bahati nasibu, itumie kuonyesha wigo badala ya namba moja yenye desimali nne, na ukilinganisha bidhaa mbili hakikisha dhana zinazofanana zinabadilika pamoja kwa zote mbili, la sivyo wigo unapanuka bila sababu.

Jibu likitoka hasi, kwamba kiwanda kinaondoa gesi angani, shtuka. Inawezekana, mara nyingi ni kwa sababu ya mzigo uliozuiwa, methani ya bwawa au mbolea iliyookolewa. Tenganisha kilichotoka kweli na kilichozuiwa, kila kimoja kwenye mstari wake, maana kilichozuiwa kinategemea stori ya kitu ambacho hakikutokea. Na chukua mashine ya kuhesabia, urudie kwa mkono mambo makubwa matatu kama nilivyofanya kwenye draya hapo juu. Kosa la kilo na tani, au megajuli na kilowati-saa, linaonekana hapo kwa dakika chache, wakati kwenye softwea linaweza kukaa kimya mpaka siku ya kuwasilisha.

Kama unataka kutangaza hadharani kwamba bidhaa yako ni bora kuliko ya mwingine, ISO 14044 inadai jopo la wakaguzi huru lipitie kazi kabla. Watafutie mapema, wakati mipaka bado ni penseli, wakija mwishoni watakurudisha mwanzo. Wape faili lenye kila namba na ilikotoka: mita ipi, risiti ya mwezi gani, sampuli ngapi za unyevu, nani alikadiria na kwa msingi gani. Hesabu hiyo inafaa mpaka kiwanda kitakapobadilisha msambazaji wa malighafi, fueli ya draya au chanzo cha umeme. Kikibadilisha chochote kati ya hivyo, fungua faili urudie sehemu iliyoguswa.